Jimnastiki, sarakasi au timu ya shule: mshangiliaji mdogo ajifunzie wapi kupinduka jijini Nairobi?

Mtoto wa miaka minane akishaingia kwenye kikosi cha washangiliaji (cheerleaders) shuleni, wiki haiishi kabla kochi la sebuleni halijageuzwa uwanja wa mazoezi. Anachokitaka ni kimoja: ile ya kurudi nyuma ambayo wakubwa huipiga mbele ya jukwaa, mikono chini, miguu juu, kisha wima tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hendispringi ya nyuma. Mzazi naye huuliza mawili: ni pesa ngapi, na ni wapi karibu. Ni maswali ya haki, ila hayakuambii kama mtoto atafundishwa kwa mpangilio au atarushwa tu.

Nairobi kuna njia tatu za kweli. Kuna klabu za jimnastiki, ambazo utazikuta zaidi kwenye shule za kibinafsi na kumbi za pande za Westlands, Lavington na Karen. Kuna vikundi vya sarakasi, vyenye mizizi Eastlands na Ngara, vinavyofanya mazoezi kwenye kumbi za mtaa na viwanja vya wazi. Halafu kuna timu ya shule yenyewe, chini ya mwalimu wa michezo au kocha anayekuja mara moja kwa wiki. Ya nne, ile ya godoro na simu, nitaigusa mwishoni kwa sababu ipo kila nyumba, tupende tusipende.

Kigezo changu kikuu ni hiki: nani anaamua kwamba mtoto sasa apande ngazi, na anaamua kwa kuangalia nini? Vifaa nimeviweka nafasi ya pili kwa makusudi. Nimeona ukumbi wenye mikeka ya buluu ukuta hadi ukuta ambamo watoto walipandishwa kwa sababu wazazi walianza kunung'unika kuhusu ada. Nimeona pia kiwanja cha nyasi chakavu ambako kijana wa sarakasi, hana hata filimbi, alimrudisha mtoto kwenye kubingirika tena na tena bila kuona haya.

Ngazi zenyewe

Ushangiliaji huu ni mchezo wa Marekani kwa asili. Historia yake huanzia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1898, mwanafunzi Johnny Campbell alipouongoza umati wa mashabiki kupaza sauti kwa mpangilio. Kupinduka kuliingia baadaye, na leo mashindano ya vilabu yamegawanywa kwa ngazi zinazosema wazi mtoto aruhusiwe nini. Ngazi ya kwanza karibu kila kitu hufanywa mkono au mguu ukigusa sakafu: kubingirika mbele na nyuma, kusimama kwa mikono, gurudumu, raundofu, daraja (mgongo umepinda, tumbo juu, viganja na nyayo chini) na mipinduko ya polepole inayopitia daraja. Ngazi ya pili ndipo hendispringi inapoingia. Samasoti ya nyuma, yaani kujipindua hewani bila mikono kugusa chini, huja ngazi ya tatu, tena kwa kutanguliwa na raundofu; ya kupigwa papo hapo, mtoto akiwa amesimama tu, husubiri ya nne. Kuzungusha mwili hewani kunafuata baada ya hapo.

Gurudumu ni lile la watoto wote, kupita kwa ubavu mkono baada ya mkono, mguu baada ya mguu. Raundofu huanza vivyo hivyo, lakini miguu hukutana juu na kutua pamoja kwa kishindo, uso ukiangalia ulikotoka. Raundofu ndiyo inayogeuza mbio za mbele kuwa nguvu ya kurudi nyuma, kwa hiyo ikiwa mbovu, kila kinachoifuata kitakuwa kibovu.

Mama wa yote ni kusimama kwa mikono. Gurudumu ni kusimama kwa mikono kunakopita upande. Raundofu ni kusimama kwa mikono kunakogeuka. Hendispringi ya nyuma, ukiipiga picha katikati, ni mtoto aliyesimama kwa mikono kwa nukta moja. Kiwiko kinachopinda ukutani leo kitapinda kesho wakati uzito wote wa mwili unashuka kwa kasi, na hapo kinachotangulia kufika chini ni kichwa.

Ndiyo maana mtihani wa kwanza wa kocha yeyote ni ukutani. Si ule wa kurusha miguu na kuegemeza visigino, ambao huficha mgongo uliopinda kama ndizi. Mtoto huweka viganja chini, tumbo likiangalia ukuta, hupanda kwa miguu hadi mikono iko karibu kabisa na ukuta. Mabega yanasukumwa hadi yaguse masikio, mbavu zimefungwa, makalio yamebanwa. Akiweza kukaa hapo nusu dakika huku akipumua, bila kiuno kubonyea, una mtoto wa kufundishika. Akishindwa, hakuna sababu ya kuzungumzia kurudi nyuma.

Klabu ya jimnastiki

Ubora wake mkubwa ni kwamba mpangilio uko kwenye mifupa ya mchezo wenyewe. Kabla ya kupinduka hufundishwa maumbo: kulala chali kiuno kikiwa kimebanwa sakafuni, mikono na miguu ikiinuliwa kidogo mpaka mwili uwe kama mtumbwi, kulala kifudifudi na kufanya kinyume chake, kujikunja, kunyooka kama ubao. Watoto huchoka haraka na mazoezi haya. Wazazi walioketi kando nao huchoka, wanaanza kuangalia saa. Lakini hendispringi nzima ni kuhama kutoka umbo moja hadi jingine kwa haraka, na asiyekuwa na maumbo hana cha kuhamisha.

Vifaa pia vinasaidia hapa kuliko kwingine. Mkeka wa mteremko humwezesha mtoto kubingirika nyuma bila kubanwa shingo, kwa sababu uzito unamsaidia. Pipa la sponji humbeba kutoka kusimama hadi mikononi polepole, ajue njia ya kupita kabla hajaipita kwa kasi. Kocha mwenye pipa hahitaji kumrusha mtoto; pipa linafanya kazi ya mikono yake.

Upungufu wake si bei peke yake, ingawa bei ipo, na unapouliza uliza ya muhula mzima wala si ya kipindi kimoja. Kuna umbali: anayetoka Donholm au Umoja kwenda Lavington saa kumi na moja jioni Ijumaa anajua mtoto atafika amelala. Kuna pia muda utakaotumika kwenye ubao wa mizani na vyuma, mambo ambayo mshangiliaji hayahitaji. Na kuna hili ambalo wengi hawaligundui mapema: jimnastiki ni mchezo wa mtu mmoja. Mtoto huanza anapokuwa tayari. Ushangiliaji huhesabiwa moja hadi nane, na mikono ya watoto wote inapaswa kugusa chini kwenye namba ileile. Mtoto wa klabu, hata awe bora, mara nyingi huingia kwenye timu akiwa nusu hesabu mbele ya wenzake, na kumpunguza kasi ni kazi kuliko mtu anavyodhani.

Sarakasi ya mtaa

Hapa ndipo Nairobi ina utajiri ambao miji mingi haina. Sarakasi Trust, iliyoanza mwaka 2001 na yenye makao kwenye Sarakasi Dome pale Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan, imelea wanasarakasi ambao sasa hufanya kazi kwenye majukwaa ya Ulaya. Lakini nje ya jina hilo kuna vikundi vidogo visivyo na bango, vijana wanaokutana alasiri kwenye ukumbi wa mtaa au uwanja wa shule ya msingi, wakubwa wakifundisha wadogo kama walivyofundishwa wao.

Ukimpeleka mtoto huko atajifunza vitu viwili vizuri kuliko mahali pengine popote. Cha kwanza ni kuanguka. Mwanasarakasi huanguka mbele za watu na kuigeuza anguko kuwa sehemu ya onyesho, kwa hiyo watoto huzoezwa mapema kuficha kidevu, kubingirika na bega, na kutorudisha mkono nyuma kuizuia ardhi, kosa ambalo huvunja vifundo na viwiko vya watoto kila siku. Cha pili ni kubeba na kubebwa. Minara ya watu, ile ya kupanda mapajani na mabegani, ni ndugu wa damu wa minara ya washangiliaji, na mtoto aliyewahi kusimama juu ya mabega ya mwenzake Kaloleni hatatetemeka atakaponyanyuliwa na timu yake ya shule.

Halafu kuna mikono ya wanaoshikilia. Kwenye klabu, sponji humkinga mtoto. Kwenye sarakasi hakuna sponji, kwa hiyo watu wamekuwa mahodari wa kushika. Simama kando umwangalie kijana anayejua kazi hiyo: amepiga goti ubavuni mwa mtoto, mkono mmoja chini ya kiuno, mwingine nyuma ya paja, anasogea naye bila kumvuta, na mkono wa kiuno hautoki mpaka miguu ifike chini. Anayeshika shati au anayesubiri mtoto apinduke ndipo adake hajui kushikilia, hata kama yeye mwenyewe hupiga samasoti tatu mfululizo.

Sasa ubaya wake. Sarakasi huishi kwa makofi, na makofi hutolewa kwa kitu kinachopaa. Pita mtaa wowote wa Eastlands utaliona tairi lililozikwa nusu ardhini, mchanga au vumbi la mbao mbele yake, na foleni ya watoto wakikimbia, wakilikanyaga na kujipindua hewani. Ni furaha kubwa na sitaki kuidharau, wengi walianzia hapo. Tatizo ni kwamba tairi humpa mtoto kimo ambacho miguu yake haijakitafuta. Anajifunza kuzunguka kabla ya kujifunza kupaa. Matokeo yake ni mtoto wa miaka tisa mwenye samasoti ya mbele, kitu cha ngazi ya tatu, ambaye hawezi kukaa ukutani kwa mikono hata sekunde kumi. Kumrudisha nyuma baadaye ni vita, maana tayari mtaa mzima umemshangilia.

Kwa hiyo usiulize kikundi kama kina mikeka. Nenda siku ya mazoezi, ukae pembeni, usikilize mtoto anapoomba kitu kikubwa kuliko yeye. Jibu zuri linafanana na hili:

"Kocha, leo nijaribu ile ya nyuma?"

"Nionyeshe kwanza ya mikono."

"Ya ukuta ama bila ukuta?"

"Ya ukuta. Halafu unishushie miguu bila kelele."

Ile miguu isiyopiga kelele ndiyo ushahidi. Mtoto anayeweza kuishusha taratibu ana tumbo na mabega ya kumbeba. Kocha akijibu "haya, kimbia tu, nitakudaka," umeshapata jibu lako pia, mshukuru na urudi nyumbani.

Jambo moja la pembeni kwa wenye mabinti: vikundi vingi vya mtaa vina wavulana wengi kuliko wasichana. Kumshikilia mtoto ni lazima, ila kocha anapaswa kueleza mbele ya mzazi mkono wake utakaa wapi na kwa nini, na mazoezi yafanyike mlango ukiwa wazi. Anayekasirika kwa kuulizwa hilo asipewe mtoto. Sheria hiyohiyo ni ya klabu na shule, hata ukumbi uwe na marumaru.

Timu ya shule

Haina nauli, haina ada kubwa, wenzake wako hapo, na mwalimu anamjua mtoto kwa tabia yake yote, hata ile ya kusema "naweza" kwa kila kitu. Kwa hesabu za moja hadi nane, mipangilio ya kusimama, sauti na tabasamu, shule inazishinda njia nyingine zote, na hivyo ndivyo vitu vinavyoonekana kwanza mbele ya jukwaa.

Udhaifu wake ni kalenda. Siku ya michezo imeshapangwa, onyesho limeshatungwa, na ndani ya onyesho kuna mahali palipoandikwa kwamba watoto wanne wapige hendispringi. Kuanzia hapo ni tarehe inayoamua nani apande ngazi. Mwalimu mmoja, watoto thelathini, wiki sita. Hata mwalimu mwenye nia njema anajikuta akimsukuma mtoto aliye karibu kuweza, na "karibu kuweza" ndiyo hali ya hatari kuliko kutoweza kabisa, kwa sababu asiyeweza hajaribu.

Mwalimu anayejua kazi hupanga onyesho kulingana na alichonacho. Watoto kumi na wawili wakipita kwa gurudumu kwenye mstari mmoja, miguu imenyooka, wote wakitua kwa hesabu moja, wanavutia macho kuliko watatu wanaopiga hendispringi tatu tofauti huku mmoja akitua kwa magoti. Hata waamuzi wa mchezo huu hutoa alama kwa usafi na kwa kwenda pamoja, si kwa ugumu peke yake. Mwalimu akikuambia hivyo kabla hujamuuliza, muache mtoto hapo, hata kama shule haina mkeka.

Mahali zinapogongana

Swali linalowagawa makocha ni hili: je, lazima mtoto ajue mpinduko wa polepole wa nyuma, ule wa kujikunja hadi daraja na kupitisha mguu mmoja mmoja, kabla ya kuanza hendispringi? Jimnastiki mara nyingi husema ndiyo. Sarakasi huuruka. Shule hutegemea nani alikuja kufundisha.

Mimi niko katikati, nikielemea kwenye ndiyo kwa watoto wadogo. Mpinduko wa polepole humfundisha mtoto kwamba dunia ikigeuka juu chini mikono yake inamtosha, na humwonyesha sakafu inapotokea. Hofu nyingi za kurudi nyuma huanza kwa kutojua sakafu iko wapi. Lakini mwendo wenyewe si ule wa hendispringi. Katika mpinduko mtoto hujikunja mgongo na mikono inatafuta sakafu karibu na visigino. Katika hendispringi huketi kana kwamba kuna kiti nyuma yake, uzito visiginoni, magoti hayapiti vidole vya miguu, kisha husukuma kwa mbali, mikono ikiwa imebana masikio. Aliyezoea mpinduko sana akaingia kwenye hendispringi bila kufundishwa kuketi hupeleka magoti mbele, huruka juu badala ya nyuma, na kutua mikono ikiwa miguuni pake. Hapo ndipo viwiko huachia.

Kuna pia mtoto mwenye mabega magumu, ambaye daraja lake haliji hata umbembeleze. Huyo akilazimishwa hupinda kiuno peke yake. Kiuno cha mtoto kinachopindwa hivyo mamia ya mara kinaweza kupata ufa wa uchovu kwenye mfupa, tatizo linalojulikana vizuri kwa wanajimnastiki wachanga. Kwake, fungua mabega kwanza. Daraja la miguu ikiwa imeinuliwa juu ya benchi husaidia, kwa kuwa huupeleka mpindo mabegani. Na akiwa na mikono imara ukutani na kuketi kuzuri, anaweza kuanza hendispringi kwenye mteremko bila kuusubiri mpinduko uwe wa kupendeza.

Sakafu ya mazoezi na sakafu ya onyesho

Sakafu ya jimnastiki ya mashindano ni mita 12 kwa 12, ina springi chini yake. Vilabu vikubwa vya ushangiliaji Marekani nao hushindana kwenye springi, eneo la futi 54 kwa 42. Mtoto wako hataonyesha hapo. Ataonyesha kwenye nyasi za uwanja wa shule, kwenye kiwanja cha mpira wa vikapu chenye saruji, au kwenye kabro mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Hii hubadilisha ulinganisho wote. Wa klabu amezoea kusukumwa na sakafu. Ukimhamishia nyasi, hendispringi yake hufupika ghafla. Wa sarakasi amezoea ardhi isiyompa kitu, kwa hiyo alichonacho ni chake. Desturi ya busara ni kushusha ngazi moja kila sakafu inapokuwa ngumu zaidi: anayepiga samasoti kwenye springi abaki na hendispringi kwenye nyasi, na mwenye hendispringi kwenye mkeka abaki na raundofu kwenye nyasi mpaka azoee. Kwenye saruji na kabro mtoto asirudi nyuma kabisa. Gurudumu linatosha. Najua kuna wakubwa wanaopiga, ila wakubwa wana vifundo vilivyokwisha kukua.

Mvua nazo. Machi hadi Mei, kisha tena Oktoba hadi Desemba, nyasi za Nairobi huteleza kama sabuni, na raundofu inayoteleza huvunja mkono. Timu isiyo na ukumbi inapaswa kuwa na mpango wa miezi hiyo: maumbo, ukuta, kunyoosha mabega, hesabu. Uliza mpango huo ni upi. "Tutaangalia hali ya anga" si mpango.

Mwili unaposema hapana

Kifundo cha mkono cha mtoto kina sehemu ya ukuaji karibu na mwisho wa mfupa, nayo hukasirika kwa kubebeshwa uzito mara nyingi, hasa kati ya miaka 10 na 14. Mtoto atakuambia panauma juu ya kifundo anaposukuma sakafu. Usimfunge bandeji na kumrudisha. Apumzishwe kwenye kila kitu cha mikono, na maumivu yakiendelea aonwe na daktari wa mifupa. Kocha mzuri atakuwa na kazi ya kumpa wakati huo, ya miguu na tumbo.

Hofu nayo huja. Mtoto aliyekuwa akipiga hendispringi vizuri tangu muhula uliopita anasimama siku moja na mwili unakataa. Si ukaidi. Kumzomea au kumnyima maji mpaka aruke ni ujinga unaozalisha majeraha. Dawa ni kushuka: pipa, mteremko, mikono ya kocha, mpaka mwili uamini tena. Kwenye jambo hili klabu ina faida kwa sababu ina ngazi ndogondogo za kushukia. Sarakasi huwa na utani mwingi, ambao kwa mtoto mmoja hulegeza hofu na kwa mwingine huizidisha; mzazi ndiye anayejua wake ni yupi.

Basi umpeleke wapi

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 ambaye hajaanza kitu: klabu, kama mfuko na njia vinaruhusu, hata kwa muhula mmoja au miwili tu ya maumbo na kusimama kwa mikono. Msingi huo haupotei akiacha. Kama haviruhusu, kikundi cha sarakasi chenye kocha wa "nionyeshe ya mikono" kinatosha kabisa, na nasema hivyo bila kumfariji mtu.

Mwenye miaka 9 hadi 12 aliye tayari kwenye timu na anataka hendispringi: sarakasi, mara moja au mbili kwa wiki, huku timu ya shule ikibaki mahali pa hesabu na mpangilio. Umri huu wana nguvu ya kusikiliza mikono ya anayewashikilia, na wanahitaji ardhi wanayoonyeshea. Klabu ifikiriwe pale anapotaka samasoti ya nyuma, kwa sababu samasoti hujifunzwa kwa kurudia mara nyingi juu ya kitu laini, na godoro la Gikomba huzama baada ya wiki chache.

Mtoto aliyetoka kwenye tairi, ana samasoti lakini hawezi kusimama kwa mikono: mpeleke klabu ukiweza, na umweleze kocha mapema asimdharau. Aruhusiwe kuonyesha alichonacho siku ya kwanza, kisha aanzishwe chini. Shule isimpange kwenye samasoti hata akiomba kwa machozi, mpaka raundofu yake itue kwa miguu miwili pamoja.

Timu ya shule peke yake inatosha pale mwalimu anapotunga onyesho kwa uwezo uliopo, na mtoto anaridhika na gurudumu na raundofu. Ni wengi kuliko tunavyokiri.

Na godoro la nyumbani na simu? Kwa maumbo, kunyoosha mabega, kusimama ukutani na kubingirika mbele, sawa. Kwa chochote kinachorudi nyuma, hapana. Mkono hukwama kwenye godoro katikati ya mpinduko, na video humwonyesha mtoto aliyefaulu, haimwonyeshi miezi iliyotangulia. Simu ina matumizi moja mazuri: mrekodi kutoka ubavuni, usawa wa kiuno chake, umpelekee kocha video aone viwiko na magoti.

Ukichagua njia mbili kwa pamoja, na wengi tutaishia hapo, hakikisha makocha wote wawili wanajua mtoto anatanguliza mguu upi. Mguu huo unapaswa kuwa mmoja kwenye kusimama kwa mikono, gurudumu na raundofu. Akifundishwa kulia Jumanne na kushoto Jumamosi, raundofu yake itapinda na hamtajua kwa nini. Mwandikieni kwa kalamu ndani ya kiatu, "huu", mpaka azoee.